Kuuza Maua ya Mwembe: Somo la Fiqhi Kutoka Bustani Ndogo ya Namakwekwe



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo matunda ya rangi mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, darasani tunasoma milango ya biashara na kilimo katika fiqhi kwa mifano ya tende na zabibu. Wengi wetu tunahifadhi hukumu hizo kwa ajili ya mtihani, kisha tunazifunga pamoja na daftari. Huku kwetu hakuna mtende wala mzabibu. Lakini kuna miembe, mifenesi, mipapai na miparachichi, na kila msimu watu wanaiuza, wanaikodisha, wanagawana mazao yake na kugombana kwa ajili yake. Somo la leo linachukua hukumu zile na kuzipeleka chini ya mwembe, Namakwekwe, kaskazini ya mji wa Mbale, mahali ambapo ukiinua macho unauona mlima Wanale.

Bustani ninayoizungumzia ni ya mjomba wangu. Haifiki hata robo ekari. Ina miembe tisa, miparachichi minne, mifenesi miwili na mipapai sita. Mjomba magoti yanamsumbua, hawezi tena kupanda ngazi wala kuinama na jembe. Kwa hiyo tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni mimi ndiye ninayeitunza.

1. Makubaliano kabla ya jembe

Siku ya kwanza mjomba alitaka kusema tu, "Fanya kazi, Mungu atatupa." Nikamwomba, kwa adabu, tuweke makubaliano. Katika fiqhi mkataba huu unaitwa musaqat: mwenye miti anampa mtu miti aitunze, na malipo yake ni sehemu inayojulikana ya matunda, kama nusu au theluthi. Asili yake ni Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, pale Mtume (s.a.w.) alipowaachia watu wa Khaybar mashamba wayahudumie kwa nusu ya mazao.

Maimamu wametofautiana. Imam Abu Hanifa hakuukubali mkataba huu, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, waliukubali. Imam Shafi, ambaye wengi wetu Uganda tunafuata madhehebu yake, katika kauli yake mpya aliuhusisha na mitende na mizabibu peke yake. Imam Malik na Imam Ahmad waliupanua kwa miti mingine ya matunda. Tulimuuliza sheikh wa mtaani, akatuambia tuchukue kauli ya wanaoruhusu, kwani haja ya watu ipo wazi.

Jambo la kushika hapa ni hili: sehemu lazima iwe hisa ya mazao yote. Mjomba akisema, "Nusu ya matunda yako," ni sawa. Akisema, "Miembe ile miwili ya karibu na choo ndiyo yako," au, "Utapata magunia matatu kwanza," mkataba unaharibika. Pengine ile miwili isizae, au bustani nzima itoe magunia matatu tu. Hapo mmoja anakula na mwingine anatazama. Sisi tulikubaliana nusu kwa nusu, mbele ya mama yangu na jirani mmoja, tukaandika kwenye karatasi.

2. Kazi zenyewe

Asiyewahi kutunza miti hudhani matunda ni bure: unapanda, unakwenda zako, unarudi kuchuma. Acha nikuhesabie.

Baada ya mavuno ni kupogolea. Unakata matawi makavu, yanayosuguana na yanayoziba katikati, ili mwanga na hewa vipite. Mwembe uliosongamana hukaa na unyevu, na unyevu huleta ukungu unaoyafanya maua kuwa meusi. Kabla ya mvua za Machi unapalilia, unaweka samadi kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, kisha unafunika kwa matandazo ya majani makavu ya migomba. Ukipanda mche mpya unachimba shimo la kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu unauweka kando ili uuchanganye na samadi na kuurudisha kwanza. Mparachichi unautafutia mahali pasipotuama maji, kwa sababu mizizi yake ikizama siku chache inaoza. Watu wa Mbale hawahitaji kukumbushwa maji yanaweza kufanya nini. Tulioona mito Nabuyonga na Namatala ilivyofurika mwishoni mwa Julai 2022 tunajua.

Kazi isiyo na sifa kuliko zote ni kuokota matunda yaliyooza. Kuna inzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye alionekana Kenya mwaka 2003 na baada ya muda mfupi akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike anatoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza wanakula nyama, tunda linaanguka, funza wanatoka na kuingia ardhini, na baadaye wanaibuka inzi wapya. Ukiliacha tunda lile chini ya mti, umewafugia inzi kizazi kijacho. Dawa ya mtu maskini ni kuokota kila siku mbili, kuyafukia kwenye shimo refu, au kuyafunga ndani ya mfuko mweusi wa nailoni na kuuacha juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Harufu yake nakuachia wewe.

Wapo pia wasaidizi. Wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota, ambao watu wa pwani wanawaita maji moto, wanauma sana siku ya kuchuma. Kwa miaka mingi watu huwachoma moto. Lakini watafiti waliowachunguza kwenye miembe ya Benin waligundua kwamba miti yenye siafu hao hupata hasara ndogo ya inzi wa matunda. Sasa tunawaacha. Siku ya kuchuma najipaka majivu mikononi, nasoma bismillahi, napanda.

3. Papai dume na elimu ya dunia

Mipapai ina ya kiume na ya kike, na mingine ina maua yenye jinsia zote mbili. Ule wa kiume huning'iniza maua mengi kwenye vikonyo virefu na kwa kawaida hauzai. Mjomba alikuwa anataka nikate yote ya kiume, "haina faida, inakula samadi bure." Nikaacha mmoja, kwa sababu ya kike bila chavua ya kiume haizai vizuri.

Hapa nilikumbuka kisa tunachokisoma katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakichavusha mitende kwa mikono, akatoa rai kwamba pengine hilo halina haja. Wakaacha, mazao yakapungua. Aliporejeshewa habari aliwaeleza kwamba ile ilikuwa rai yake tu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao.

Baadhi yetu tunaosoma masomo ya dini tunadhani kuwa afisa kilimo na mwanafunzi wa sayansi hawana la kutufundisha. Kisa hiki kinatusahihisha. Dini inaniambia nisiuze kwa ghushi, nisidhulumu, nitoe haki. Lakini kuhusu chavua na funza, lazima nikae chini ya anayejua. Na yeye akitaka kujua hukumu ya mauzo yake, akae na anayejua fiqhi.

4. Mnunuzi wa maua

Sasa tufike kwenye kiini cha somo.

Miembe yetu huchanua sana katika kiangazi cha Januari na Februari. Mti mzima unageuka rangi ya dhahabu na nyuki wanavuma. Na hapo ndipo wafanyabiashara wanapopita mitaani. Mnunuzi anaangalia maua, anakisia, anatoa pesa taslimu. Anachonunua ni matunda yatakayokuja. Mti unabaki wako, na mwezi wa Mei au Juni anakuja na ngazi na magunia. Watu wengi wanauza namna hiyo, kwa sababu Februari ndipo shule na vyuo vinapodai ada. Maua yapo, embe bado, na karani wa ada hapokei maua.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, Muislamu mwenzetu, mtu mwenye adabu. Akazunguka miembe tisa, akasema atatoa shilingi 450,000 palepale. Nusu yangu ingekuwa 225,000, na mimi nilikuwa nadaiwa 180,000 ili niruhusiwe kusajiliwa na kufanya mitihani. Zilibaki siku kumi na mbili. Mjomba akanitazama, akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Sema, mimi nitafuata."

Ndugu msomaji, kujibu swali hili kwenye karatasi ya mtihani ni alama tano. Kulijibu mbele ya pesa zimeshikwa mkononi ni jambo jingine.

Hukumu yenyewe haina utata mkubwa. Katika hadithi zilizo ndani ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, Anas na wengine (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda mpaka dalili ya kukomaa ionekane, na akawakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Sababu yake nayo imetajwa: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasitoke, muuzaji atakuwa amehalalisha kwa kitu gani mali ya ndugu yake? Wanazuoni wanaingiza hili katika mlango wa gharar, yaani kuuza jambo ambalo mwisho wake umefichika.

Nikamwambia mjomba, "Maua hatuwezi kuuza." Akanyamaza kidogo, akamwambia yule kijana, "Umemsikia." Kijana hakukasirika. Alisema tu, "Wenzenu wanauza," akavuka njia kwenda kwa jirani, na jirani akauza.

Ada nililipa kwa mkopo mwema, qardhi hasana, kutoka kwa wenzangu sita wa halaka, kila mmoja elfu thelathini, bila riba, kwa ahadi ya kulipa mwezi wa Julai.

Mwezi wa Aprili ilikuja mvua ya upepo usiku mmoja. Asubuhi embe changa zilitapakaa chini kama kokoto, kwetu na kwa jirani. Kijana akarudi kwa jirani akaomba arudishiwe sehemu ya pesa. Jirani akasema pesa zimekwishakula ada, na biashara ni biashara. Mpaka ninapoandika, wawili hao wanaswali msikiti mmoja na hawasalimiani.

Sisi tulisubiri. Maembe yaliyobaki yalipoanza kugeuka rangi tukauza. Yote kwa jumla yalitupa shilingi 380,000. Hesabu vizuri: ni elfu sabini pungufu ya zile tulizozikataa. Sitaki kukudanganya kwamba anayefuata sheria siku zote hutoka na faida mfukoni. Nusu yangu ilikuwa 190,000. Nikalipa deni la 180,000, nikabaki na elfu kumi.

Lakini zile elfu sabini zingetoka wapi? Zingetoka kwa kijana yule, ambaye naye mtaji wake ni wa kukopa. Tungekula pesa zake kwa maembe ambayo hayakuwahi kuwepo. Hapo ndipo nilipoielewa sababu ya katazo. Si kwamba sheria haitaki maskini apate ada. Haitaki ada yangu itoke katika hasara ya ndugu yangu ambaye hakupewa kitu.

5. Njia zilizo wazi

Fiqhi haikufunga mlango ikaondoka. Anayehitaji pesa kabla ya msimu ana njia hizi:

(a) Kuuza dalili zinapoonekana. Si lazima embe zote ziwe zimeiva. Dalili ikionekana katika baadhi ya matunda ya aina hiyo ndani ya bustani, inatosha kwa aina hiyo. Kwa embe tunaangalia rangi kugeuka, na kwa aina zinazobaki kijani, ulaini na utamu wa maji yake.

(b) Kuuza machanga kwa sharti la kuchumwa sasa hivi, kama yana manufaa. Embe mbichi zinaliwa kwa chumvi na pilipili, na zinatengenezewa achari. Mnunuzi achume leo, asiyaache mtini yakue.

(c) Salam. Unapokea pesa zote leo, na unadaiwa bidhaa iliyotajwa aina, ubora, kipimo na siku ya kukabidhi. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakifanya hivyo kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akawaamuru wataje kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Angalia tofauti: hapa haufungamani na miti yako ile. Unadaiwa, tuseme, kilo 300 za maembe ya aina fulani. Miti yako ikikosa, unakwenda sokoni kutafuta. Hatari ni yako wewe uliyepokea pesa.

(d) Mkopo mwema. Hapa sisi wanafunzi tuna la kufanya. Watu sita, elfu thelathini kila mmoja, walimwondolea mtu mmoja mtihani wa dini na mtihani wa chuo kwa pamoja. Kila halaka inaweza kuwa na mfuko mdogo wa namna hii.

Na kama mtu ameuza kwa njia halali, dalili zimeonekana, kisha likaja janga kabla mnunuzi hajachuma? Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), imekuja amri ya kumpunguzia mnunuzi aliyepatwa na janga. Imam Ahmad aliichukua kuwa wajibu. Imam Malik akaiwajibisha hasara ikifika theluthi. Imam Shafi, katika kauli yake mpya, aliiona kuwa ni jambo linalopendekezwa. Kauli yoyote utakayofuata, zote zinamfundisha muuzaji kutosema "biashara ni biashara" ndugu yake anapolia.

6. Haki ya siku ya mavuno

Je, maembe yana zaka? Kwa Imam Shafi, katika matunda zaka ni ya tende na zabibu tu. Kwa Imam Abu Hanifa, kila kinachooteshwa na ardhi kwa kukusudiwa kina zaka, kingi au kidogo: sehemu moja ya kumi kwa kinachonyweshwa na mvua, na nusu yake kwa kinachonyweshwa kwa gharama. Anayefuata Shafi asisahau kwamba pesa za mauzo, zikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, zina zaka yake kama mali nyingine.

Ama sadaka, mlango wake hauna nisabu. Surat al-Qalam inatupa kisa cha watu wa bustani waliopanga kuchuma alfajiri, wakinong'onezana ili maskini asiingie. Walipofika walikuta imeteketea usiku. Mjomba anakipenda kisa hiki, na kwa sababu yake ameweka kanuni: asubuhi ya siku ya kuchuma geti linabaki wazi, na kila mtoto wa mtaani anapata embe mbili mkononi kabla gunia la kwanza halijajazwa. Wanajipanga mstari tangu baada ya swala ya Alfajiri, na wengine wanarudi mara ya pili wakiwa wamebadilisha shati. Mjomba anawajua, anawapa tu.

7. Utamu wa kazi

Mtu atauliza: kwa elfu kumi iliyobaki, kazi yote hii ni ya nini?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila atakachokula mtu, ndege au mnyama kutoka mti huo ni sadaka yake. Nikiwakuta ndege wamelifungua papai nililolisubiri wiki mbili, moyo wa mkulima unauma, na moyo wa Muislamu unapewa jibu. Popo nao hula usiku, hawaombi ruhusa, na wanaandikiwa kwenye hesabu yetu. Ametufundisha pia kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza kuupanda, upande. Basi usiniambie kwamba mwaka wa tatu wa shahada ni wakati mbaya wa kupanda mti.

Kuna raha nyingine ndogo ambazo hazimo vitabuni. Kunusa maua ya mwembe ukitoka msikitini alfajiri. Kugonga fenesi kwa kiganja na kusikia sauti nzito ya lililokomaa. Kurudia sura uliyohifadhi huku unapalilia, aya moja kwa kila mti, na kugundua kwamba kufika mti wa tisa umeishika.

Zile elfu kumi nilinunua mche mmoja wa mwembe wa kubebesha na nikapanda boda kuurudisha nyumbani. Ukijaaliwa utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mimi nitakuwa nimekwisha kuhitimu, na pengine nitakuwa mbali na Mbale. Mjomba amekwisha kusema watakaoula ni watoto wa mstarini.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Parachichi, ambalo huku wengi tunaliita ovakado, halilainiki likiwa mtini. Hukomaa mtini na kulainika baada ya kuchumwa. Dalili yake ya kukomaa tuihesabu nini katika mauzo?
2. Jirani aliyeuza maua amekwisha kulipa ada kwa pesa zile. Ungemshauri afanye nini sasa, na ungemwambiaje bila kumfedhehesha?
3. Halaka yenu ikianzisha mfuko wa qardhi hasana, mtaweka masharti gani ili uweze kuendelea mwaka hadi mwaka?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, aibariki hata ikiwa ndogo, na awapatanishe ndugu zetu waliogombana. Wallahu aalam.